Gia Nyingine ni za Kongo

Alhamisi, Julai. Tunduma. Jua lipo ila halipashi joto, upepo unapeperusha vumbi, na nimevaa makoti mawili.

Leo nimeendesha lori saa saba mfululizo. Nimetoka karibu na kanisa letu nikafika mpakani. Kwa mtu mwenye miguu yake miwili huo ni mwendo wa dakika ishirini, na akikutana na jamaa wa kusalimiana nao, nusu saa.

Mwili hauna shida. Aibu ndiyo imenichosha.

Kwa aliyefungua blogu hii leo kwa mara ya kwanza: naitwa Osia, nina miaka thelathini na mitatu, na kazi yangu ni kusogeza malori. Malori yanayotoka Dar kwenda Zambia na Kongo yakifika kwetu yanapanga foleni, na siku nyingine mkia wake unaanzia eneo la Mpemba huko nyuma. Dereva aliyekesha njiani hawezi kukaa tena kwenye usukani siku nzima akisogea hatua kumi kila baada ya nusu saa. Anashuka, anakwenda gesti kuoga na kulala, na mimi deiwaka wake nakaa kabini. La mbele likisogea, nasogea. Tukikaribia geti nampigia simu, anakuja ananukia sabuni, anachukua gari lake na kwenda zake. Mimi narudi nyuma kwa miguu kutafuta lingine.

Miaka sita sasa. Blogu hii yote nimeiandikia humo humo kabini, ndiyo maana sentensi nyingine zinakatika ghafla.

Leseni yangu ni halali, ya malori makubwa kabisa. Mazoezi tulifanyia uwanja wa mpira, wanafunzi wengi, gari moja, na kila zamu yangu ilipofika uwanja ulikuwa unaisha kabla sijafika gia ya pili. Halafu nikaja foleni, na foleni haina gia ya pili.

Sijawahi kuitia. Naomba niirudie kwa ambao hawakusikia: sijawahi.

Yote haya nisingeyaandika kama si semina ya Ijumaa iliyopita.

Tuliitwa Vwawa kwenye ukumbi mmoja, kusikiliza mwelekeo wa ajira katika mkoa wetu na kazi zitakazokua miaka ijayo. Barua ilisema "wadau wa usafirishaji", na kwa kuwa wadau wenyewe walikuwa njiani wanasafirisha, tukapelekwa sisi tuliokuwepo. Nilikwenda na Mama Neema, anayewauzia madereva ugali na samaki pembeni ya foleni, na ambaye amenilisha miaka yote sita. Tulipewa kalamu, daftari jipya na soda. Mama Neema aliweka soda yake kwenye pochi, akasema hawezi kunywa kitu cha baridi kwenye baridi.

Mtaalamu alikuwa kijana wa miwani, mpole, viatu vyake visafi kuliko vumbi letu linavyoruhusu. Akawasha mashine yake ukutani, ikatokea mishale. Mingine ilipanda, mingine ililala, mingine ilishuka. Akasema hayo ndiyo makadirio.

Mzee mmoja wa kahawa kutoka Mbozi akanyoosha mkono. "Mtaalamu, huo mshale wa kilimo mbona umelala?"

"Kilimo kitazalisha zaidi, mzee wangu, lakini kitaajiri watu wachache."

"Hao wachache ni akina nani? Maana wanangu wote wapo Saza kwenye mashimo ya dhahabu. Basi hao wachache ni mimi."

Ukumbi ukacheka. Jamaa mmoja wa huko huko Saza akasema mshale wa dhahabu ameuona umepanda, anashukuru, ila yeye kutwa yupo shimoni na huko chini bado haujafika. Dereva wa bodaboda wa Mkwajuni akaongeza kwamba kwao pikipiki zimezidi abiria, siku nyingine wanabebana wenyewe kwa wenyewe ili mikono isisahau. Mtaalamu alikuwa anaandika kila kitu. Nilimpenda kwa hilo, wengi wakija huwa hawaandiki.

Kisha akafika kwetu. Usafirishaji: mshale juu. Nikanyoosha mgongo. Bidhaa zitaongezeka, akasema, malori yataongezeka, madereva wa masafa marefu watahitajika sana. Mama Neema akanipiga kiwiko cha pongezi.

Halafu mtaalamu akabonyeza kitufe, ukatokea mshale mwingine chini yake, mwekundu, umeinama kuelekea sakafuni. Umeandikwa: muda wa kusubiri mpakani.

Nikauangalia sana ule mshale. Mimi naishi humo.

"Ndugu, wewe ni dereva?" akaniuliza. Nadhani aliona sura yangu.

"Ndiyo."

"Unakwenda mpaka wapi?"

"Getini."

"Halafu?"

"Nashuka."

Hakucheka, Mungu ambariki. Alinieleza taratibu kwamba kazi yangu inatokana na tatizo, na kila mtu, serikali na wafanyabiashara, anafanya bidii tatizo hilo liishe. Mama Neema akasimama bila kunyoosha mkono. "Mwanangu, hata daktari kazi yake inatokana na tatizo. Mbona yeye hamjamwekea mshale?"

Hapo mtaalamu akatazama saa akasema chakula kipo tayari.

Baada ya chakula akatupa zoezi. Tugawe ukurasa wa daftari katikati kwa mstari: upande huu kazi zitakazokua, upande huu zitakazopungua, na kila mtu ajiweke anapodhani yupo. Upande wa kwanza niliandika nyingi, hata fundi wa mitambo ya jua niliandika. Upande wa pili niliandika mstari mmoja: "Kusogeza malori foleni. Mimi, Osia." Nikapiga mstari chini ya jina langu kama tulivyofundishwa shule. Hilo daftari nimekuwa nikitembea nalo tangu Ijumaa, nalirusha kwenye dashibodi ya kila lori ninaloingia. Nikumbushe baadaye, maana limenifanyia kazi.

Jumapili ilikuwa zamu ya Mungu.

Mchungaji wetu ni mgeni, ametoka Njombe ambako barabara zinapitika. Wiki iliyopita alichelewa mazishi kwa sababu ya malori, akakuta kaburi limeshafukiwa, na yeye ndiye aliyekuwa akisubiriwa kufanya ibada. Kwa hiyo Jumapili akatusimamisha tufumbe macho, tuombe kwa pamoja foleni ya Tunduma iishe.

Aliomba kwa nguvu kweli. Aliiamuru foleni. Aliivunja. Akaita malaika waishike mbele na nyuma. Akamaliza, "Na watu wote waseme?"

Nilifungua jicho moja. Nikakuta macho mengine mengi yamefunguka na yanatazamana. Kwaya nzima ilikuwa inatazama sakafu, na kinanda chao kipya kimenunuliwa na akina mama wanaouza vyakula kwenye foleni. Mzee wa kanisa anayekodisha vyumba kwa madereva alikuwa anafuta miwani kwa bidii. Amina moja tu ilisikika, ya mwalimu mstaafu mwenye gari dogo.

Mchungaji akadhani hatujasikia. Akairudia yote, na safari hii akaongeza sauti. "Na watu wote waseme?"

Mama Neema akakohoa. Akakohoa tena kidogo, halafu akaanzisha pambio la kutolea sadaka, na kanisa lote likalidaka kwa furaha ambayo sijaiona tangu Krismasi. Kule mlangoni wakati wa kupeana mikono nilimsikia akimwambia, "Mchungaji, wewe omba barabara ipanuliwe. Hii foleni tumwachie Mungu, anajua muda wake."

Mimi nilifumba macho na mdomo. Naungama hapa kwa kuwa mchungaji hasomi blogu.

Sasa niungame kubwa.

Mama yangu anaishi Ndalambo, analima mahindi na ulezi, na anasoma matangazo kanisani kwao kila Jumapili. Mama anasoma kila kitu. Anasoma mfuko wa saruji, anasoma karatasi iliyofungiwa maandazi, na akikuta barua ya mtu mezani anaisoma halafu anamsahihisha tahajia. Na mama huyo kwa miaka sita amewaambia Ndalambo nzima kwamba mwanawe Osia ni dereva wa Kongo.

Mwanzoni sikudanganya. Alinipigia akaniuliza nipo wapi, nikasema nipo kwenye lori, nipo foleni, tunaelekea Kongo. Lori lilikuwa kweli linaelekea Kongo. Yeye akamalizia yaliyobaki. Halafu nikaanza kumsaidia kumalizia. Nilimpelekea vitenge vya Lubumbashi nilivyonunua Nakonde, upande wa pili wa mpaka, ambako unakwenda kwa miguu na kurudi chai ikiwa bado ya moto. Kwenye harusi ya binamu yangu nikakalishwa meza ya mbele. Mzee mmoja akaniuliza kama Kongo nako mvua inanyesha. Nikasema inanyesha, ila si kama yetu. Wakaitikia kwa vichwa wote.

Uongo huo ungebaki wa kuchekesha kama isingekuwa mama mdogo Eliza.

Mama mdogo Eliza ni mdogo wake mama, wamebaki wawili tu kwao. Ameolewa Isoka, Zambia, kando ya barabara hiyo hiyo ya malori. Mara ya mwisho walionana kwenye msiba wa bibi, mimi bado nasoma. Kila ndugu akimwambia mama apande basi akamwone mdogo wake, mama anajibu, "Nipande basi la nini, na mwanangu anapita pale kila mwezi?" Kila mavuno ananipa kifuko cha ulezi nimpelekee, na mimi nampa dereva yeyote anayepita, na mama mdogo anapiga simu kunishukuru. Anauliza mbona sishuki hata kunywa maji. Najibu tajiri mwenye gari ni mkali.

Kwa hiyo mimi ndiye niliyewatenganisha hawa dada wawili. Si mpaka, si nauli. Mimi na gia yangu moja. Nimelijua hilo muda mrefu na nikalikalia.

Jumanne mama alipiga. "Baba, mbona magoti yangu yanazidi? Nikingoja nitamkuta Eliza kwenye jeneza, au yeye anikute mimi. Alhamisi nakuja. Karatasi ya kuvukia nimeshachukua. Utanishusha Isoka."

"Mama, foleni ni ndefu."

"Nitakaa na wewe humo. Kwani mimi sijui kukaa?"

Nilimwendea Ba Mulenga. Huyu ni dereva Mzambia ("Ba" ni heshima ya kwao), mtu mzima, mpole, ananipa lori lake kila safari kwa sababu anasema mimi ndiye msogezaji pekee ambaye hajawahi kumgusa wa mbele. Alikuwa amepakia mbolea, anarudi kwao, Isoka ipo njiani mwake. Nikamweleza yote. Akacheka hadi akashika taa ya gari.

"Ba Osia, kumbeba ba mayo hakuna shida. Ni mama yangu pia. Lakini wewe utasema nini pale getini?"

"Nitasema tajiri ameniita ghafla kwenye gari lingine."

"Uongo juu ya uongo," akasema. "Panono panono, ba Osia. Pole pole, utaanguka."

Ndivyo tulivyofika leo.

Mama alikuja na gari la alfajiri. Nilimpokea karibu na kanisa. Alikuwa amevaa kitenge kile cha "Lubumbashi", kofia ya sufu na viatu vya kanisani, na kikapu chake kilikuwa na ulezi, karanga, na jogoo mzima aliyefungwa miguu. Nilimsukuma kuanzia chini na Mama Neema akamvuta kuanzia juu mpaka akaingia kabini. Akakaa. Akapapasa kiti. Akaomba sala ndefu ya safari, akamtaja kila malaika wa barabarani. Nikawasha gari.

Tukasogea hatua kumi na mbili. Nikazima.

"Amina," akasema mama.

Asubuhi yote ikawa hivyo. Ninasogea, ninazima. Mama akatoa chupa ya chai na vikombe viwili, akanimiminia huku tunatembea. Akakitazama kikombe chake muda mrefu.

"Unaendesha vizuri, baba. Hata chai haimwagiki."

Nilijisikia fahari, si uongo. Hii kazi nimeifanya miaka sita na hakuna aliyewahi kuniambia naifanya vizuri. Halafu nikakumbuka anadhani tunakwenda Kongo kwa mwendo huu.

Mama Neema akaleta samaki dirishani. "Osia, leo umebeba abiria! Mama, huyu mwanao tunamtegemea hapa. Bila yeye hii foleni hailali." Nilimkonyeza mpaka jicho likauma. Mama Neema akaelewa nusu, akaongeza, "Yaani anapokuwa hayupo safarini." Akaondoka haraka na sahani.

Mama alikuwa anachambua mwiba.

Kama saa nne hivi niliona turubai limelegea nyuma. Nikashuka kulikaza. Kamba ilikuwa imekatika, nikatafuta nyingine, nikafunga, jumla robo saa. Niliporudi mama alikuwa amevaa miwani yake ya kusomea matangazo. Alikuwa anatazama mbele, mikono mapajani. Hakuwa ameshika kitu.

Nikaketi. Akaelekeza kidole kwenye kichwa cha gia, pale juu palipochorwa namba.

"Baba, hii unayotumia ni moja. Hizi namba nyingine ni za nini?"

Ningeweza kusema hapo. Tulikuwa wawili tu, na jogoo. Mdomo ulifunguka kabisa, na ninachokumbuka ni kwamba nilitaka kusema ukweli.

"Hizo ni za Kongo," nikasema.

"Ahaa." Akavua miwani, akaikunja, akaiweka kwenye kikapu. "Basi Kongo ni mbali kweli."

Tukafika mpakani mchana. Makaratasi ya mzigo yalikuwa yamemalizwa tangu jana, kilichobaki ni kupita tu. Ba Mulenga akatokea ananukia sabuni, akavua kofia. "Ba mayo, mwaiseni! Karibu sana!" Mama akampa mikono yote miwili. Nikamtambulisha kuwa ni mwenzangu, tunapokezana. Halafu nikatoa simu, nikaiweka sikioni, nikasema "ndiyo tajiri, ndiyo tajiri, sasa hivi tajiri". Simu yenyewe iliisha chaji pale pale nilipomaliza kumwita Ba Mulenga. Nikamgeukia mama nikiwa na uso wa mtu aliyeitwa na tajiri.

Ba Mulenga alikuwa anatazama kwato za mbuzi wa mtu upande wa pili wa barabara.

"Mama, samahani sana. Tajiri ameniita kwenye gari lingine. Ba Mulenga atakufikisha hadi njia panda ya Isoka."

Nilitegemea alalamike. Mama yangu analalamikia hata jua. Lakini alinisogelea, akanifunga kifungo cha juu cha koti, na cha koti la ndani pia.

"Tajiri akiita lazima uende, baba. Usiache kula."

Akavuka kwa miguu na kikapu chake, akagongewa karatasi. Nilivuka nyuma yao, kama tunavyovuka sote kwenda sokoni Nakonde, nikasimama pembeni ya barabara. Mama akapandishwa upande ule. Lori likanguruma, likaondoka. Gia ya kwanza niliijua, ni wimbo wangu. Halafu ile sauti ikakatika kidogo, ikaanza upya, chini zaidi, imetulia. Ya pili. Nilikuwa sijawahi kuisikia nikiwa nimesimama nje na kujua aliyekuwa ndani. Ya tatu. Ya nne nadhani niliisikia, ila kulikuwa na mwanamke anauza nyanya karibu yangu akanadi kwa sauti. Mkono wa mama ukatoka dirishani, mdogo, unapunga. Haukupunga muda mrefu kwa sababu hawakuwa karibu muda mrefu.

Nililia, basi. Mwenye nyanya akanipa moja.

Nimerudi chumbani, nimechaji simu, nimekaa kitandani natafuta daftari langu la semina ili niandike haya kwanza kwa mkono. Halipo. Nikatafuta kwenye makoti yote mawili. Nikakumbuka nililiacha kwenye dashibodi ya Ba Mulenga. Nikakumbuka ile robo saa ya turubai. Nikakumbuka miwani.

Nikakaa chini kabisa, sakafuni.

Saa kumi na mbili simu ikaita, namba ya Zambia. Nyuma yake kulikuwa na kelele za wanawake wanacheka na jogoo anayepinga jambo.

"Osia! Nimefika. Eliza amezeeka kuliko mimi, mwambie kila mtu. Kule njia panda alinitumia kijana wake na baiskeli, nimepanda kwenye kiti cha nyuma kama bibi harusi. Na huku wanasema bado ni saa kumi na moja! Nimerudishiwa saa nzima ya maisha yangu."

"Namshukuru Mungu, mama."

"Huyu Ba Mulenga anaendesha vizuri. Chai inamwagika, lakini anafika." Akamkemea jogoo kwanza. "Na zile gia za Kongo amezitumia zote, baba. Nimezihesabu. Amezimaliza hata Isoka hatujafika."

Nilisema "Ndiyo mama", kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

"Daftari lako ninalo. Mwandiko wako bado mbaya, na 'mitambo' umeandika 'mitabo'. Ukurasa ule nimeusoma mara mbili, nikasema huyu mtoto amejiandika peke yake upande wa kupungua, hata mwenzake hana." Sauti yake ikashuka. "Mbona hukuniambia? Kazi si ni kazi? Miaka sita hujamgonga mtu. Ningekuja kumwona Eliza kwa basi mwaka ule ule."

Nikamwambia nisamehe. Nilimwambia kwa Kinamwanga cha nyumbani, kwa Kiswahili neno hilo linanishinda. Akasema ameshanisamehe tangu kwenye samaki, ila Ndalambo hatawaambia yeye. Nitakwenda mwenyewe, nianze na yule mzee wa mvua.

"Na nimeongea na Ba Mulenga njia nzima. Wewe si umeandika mwenyewe madereva wa masafa watahitajika? Akirudi na gari tupu anakufundisha, kwa mpangilio, na ruhusa ataiomba kwa tajiri wake. Lakini daftari sikurudishii kwa mtu. Litakaa hapa kwa Eliza, juu ya kabati. Uje ulichukue mwenyewe. Na uje unaendesha."

Nikamwuliza yeye atarudi lini Ndalambo.

"Nitarudi na wewe," akasema. "Mimi najua kukaa."

Akakata. Jogoo ndiye aliyesikika mwisho, na nadhani hatasikika tena.

Hivi ninavyoandika, mahindi ya Ndalambo yanasubiri kupukuchuliwa na mwenye mahindi yupo Zambia, ameng'ang'ania uamuzi wake. Kesho alfajiri nina lori jingine karibu na kanisa, na mshale wangu bado unashuka. Ba Mulenga harudi kabla ya wiki mbili. Nimetoa mwiko wa ugali nimeushika kama gia, nafanya mazoezi: kanyaga, moja, kanyaga, mbili. Jirani amegonga ukuta akauliza kama nipo salama.

Swali moja tu linaninyima utulivu. Kutoka Tunduma hadi Isoka, kwa gia ya kwanza, ni siku ngapi?